Edward Tingatinga: mwalimu ambaye hakusomea ualimu

Ukipita Mwenge, Slipway au vichochoro vya Mji Mkongwe kule Zanzibar, lazima utaziona. Tembo, chui, tausi, rangi zinang'aa mpaka unakonyeza macho. Wengi wetu tunaziita picha za watalii, tunapita zetu. Na wapo wanaodhani jina Tingatinga limetokana na lile trekta. Hapana jamani, ni jina la mtu: Edward Saidi Tingatinga, Mmakua wa Tunduru, kusini kabisa mwa nchi yetu, aliyezaliwa mwaka 1932.

Kwao walikuwa wakulima. Shule alisoma miaka michache tu, basi. Alipokuwa kijana alifanya kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule: akafunga safari kwenda Tanga kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Baadaye akaingia Dar es Salaam. Mjini alifanya kazi za nyumbani kwa ofisa Mwingereza, na mzungu yule alipoondoka, kazi nayo ikaondoka. Akawa anauza mboga mitaa ya Oysterbay. Alipenda pia muziki na ngoma za kwao. Kwa kifupi, alikuwa mtu wa kuungaunga maisha, kama sisi bumu linapochelewa.

Hakuanza kuchora mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa na umri wa miaka 36 hivi. Chuo cha sanaa hakukiona hata kwa nje. Turubai na rangi za mafuta za wasanii hakuwa na uwezo wa kununua, kwa hiyo akachukua alichokipata: vipande vya silingibodi, zile zinazopigwa darini, na rangi za kopo, zile za kupakia baiskeli. Sasa hebu fikiria. Ule mng'ao tunaouona leo tukadhani ni mbinu ya kuvutia wageni, asili yake ni duka la vifaa vya ujenzi na mfuko usio na hela.

Je, mawazo aliyatoa wapi? Wanaomchunguza hutaja mambo mawili. Kwanza ni nyumbani: kusini kulikuwa na desturi ya kuchora wanyama na watu kwenye kuta za udongo za nyumba. Pili ni mjini: miaka ile wachoraji kutoka Kongo walikuwa wanauza picha zao Dar, na yeye aliziona. Lakini hakuishia kuiga. Katika picha zake nyingi aliweka mnyama mmoja katikati, mkubwa, amejaa ubao mzima, nyuma yake rangi tupu isiyo na mambo mengi. Ukiitazama, huna pa kukwepea. Yule chui anakutazama wewe.

Picha aliziuza nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walikuja kufanya manunuzi. Zilipoanza kununuliwa, watu wakamfuata, wengi wao ndugu na watu wa kwao. Nao akawafundisha. Hakuwa na andalio la somo wala ubao. Waliketi naye, wakamtazama, wakamsaidia kupaka, kisha wakachora zao. Mmoja wao, Simon Mpata, baadaye alihamia Kenya na jina lake likafika mpaka Japani.

Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari usiku, Dar es Salaam. Polisi waliokuwa wakisaka wahalifu walidhani ndio hao, wakafyatua risasi. Akafariki, ana miaka 40 tu. Ukihesabu, alichora kwa takriban miaka 4, yaani mwaka mmoja tu zaidi ya digrii yetu ya ualimu. Lakini wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora palepale, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Mtindo mzima wa sanaa ukabaki na jina la mwalimu wao.

Msinielewe vibaya. Sisemi tuache chuo tukanunue rangi za baiskeli. Kukosa shule kulimgharimu Tingatinga miaka mingi ya vibarua, na hakuna raha katika hilo. Ninachosema kinatuhusu sisi tunaojiandaa kushika chaki.

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilimkamata kijana wa kidato cha pili anachora fahali nyuma ya daftari la Historia. Nililichukua daftari, nikalinyanyua juu, darasa zima likacheka. Wakati ule niliona nimeonyesha nidhamu. Lakini yule fahali alikuwa amechorwa vizuri, na mimi niliona kwamba amechorwa vizuri, nikanyamaza.

Daftari nilimrudishia siku hiyohiyo jioni, bila neno. Ningekuwa nimeshamsoma Tingatinga, ningemwuliza angalau swali moja: amejifunzia wapi kuchora? Septemba hii tunakwenda tena mazoezini. Swali hilo nimeliandika kwenye jalada la andalio langu la somo.