PAPWA SEWGOLUM: BINGWA WA GOFU ALIYESHIKA FIMBO KINYUME

Ndugu zangu mliosoma hapa, na ninyi vijana mlioko madarasani leo,

Wengi wetu tulipokuwa shuleni tulicheza kandanda na kukimbia mbio. Gofu tuliitazama kwa mbali, kama mchezo wa mabwana. Baadaye kazi zilitutawanya, na baadhi yetu, hasa waliofika kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, wakashika fimbo za gofu wakiwa watu wazima. Hao ndio wanaonung'unika kila tukikutana kwamba mpira hauwatii. Kwa ajili yao, na kwa faida ya vijana, nimeona heri nisimulie maisha ya mtu mmoja ambaye hakufundishwa na mwalimu yeyote, lakini ana mengi ya kutufundisha.

Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana zaidi kwa jina la Papwa, alizaliwa mwaka 1928 mjini Durban, Afrika ya Kusini, katika jamii ya Wahindi ambao wengi wa wazee wao waliletwa Natal kukata miwa. Nyumbani kwao walikuwa maskini, na Papwa hakupata kujua kusoma wala kuandika. Tangu utotoni alipiga mipira kwa vijiti vya miti. Alipokua kidogo akapata kazi ya kuwabebea Wazungu fimbo zao katika uwanja wa Beachwood. Uwanja huo aliruhusiwa kuutembea akiwa amebeba mzigo, si kuuchezea kama wenyewe.

Kwa kuwa hakuwa na wa kumwelekeza, alishika fimbo kwa namna yake. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia huweka mkono wa kushoto juu na wa kulia chini. Papwa alifanya kinyume: kulia juu, kushoto chini. Mtu yeyote angesema kwamba mpira hauwezi kwenda sawa. Lakini yeye alikuwa amepiga maelfu ya mipira kwa mshiko huo huo, na mikono yake miwili ilikuwa imezoea kufanya kazi kama mmoja.

Alipokuwa kibarua wa kiwandani, bosi wake, Graham Wulff, aliuona uwezo wake, na mwaka 1959 akamchukua kwa ndege yake mpaka Ulaya. Mwaka huo huo Papwa akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Akayashinda tena mwaka 1960, na mara ya tatu mwaka 1964. Ulaya ilimpokea kama bingwa. Kwao alibaki mtu wa kuombewa kibali.

Hapa nawakumbusha jambo lililotokea kwetu. Mwezi Januari 1962, Uhuru wetu haujatimiza hata miezi 2, Nelson Mandela alitoka Afrika ya Kusini kwa siri na kutua Mbeya. Katika hoteli ya mjini humo aliwakuta weusi na weupe wameketi barazani wakizungumza pamoja. Baadaye alisimulia kwamba hakuwa amewahi kufika mahali pa hadhara pasipo na ubaguzi wa rangi. Jambo ambalo mtu wa Mbeya angelipita bila kugeuza shingo lilikuwa ajabu kwa mgeni yule.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1963, Papwa alishinda mashindano ya wazi ya Natal mjini Durban, akiwaacha nyuma Wazungu zaidi ya 100. Mvua ilikuwa inanyesha. Wazungu walikuwa ndani ya jengo la klabu, mahali pakavu. Bingwa hakuruhusiwa kuingia, kwa sababu sheria za makaburu zilimkataza. Akapokea zawadi yake nje, mvuani. Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia nzima, nayo ikawa miongoni mwa mambo yaliyowafanya watu wa mataifa mengi waamini kwamba haifai kushirikiana na makaburu michezoni.

Mwaka 1965 aliyashinda tena mashindano hayo ya Natal, na safari hii kati ya walioshindwa alikuwamo Gary Player, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa duniani. Serikali ya makaburu haikuvumilia. Alinyimwa vibali vya kushindana na Wazungu, akazuiwa hata kuingia viwanjani kutazama, na pasipoti yake ikachukuliwa. Akaishi katika umaskini mpaka alipofariki kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 49. Leo uko uwanja wa gofu mjini Durban unaoitwa kwa jina lake.

Sasa tumsikilize mwalimu huyu.

Kwanza, mshiko. Simwambii anayeanza ashike kinyume. Afadhali aanze na mshiko wa kawaida. Lakini akishapata unaomfaa, asiubadilishe kila Jumamosi kwa sababu rafiki amemcheka. Tena asiikabe fimbo kama mtu anayenyonga nyoka. Mikono ikikakamaa, bega nalo hukakamaa, na mpira hupinda.

Pili, mipira ya karibu. Mkwaju wa mita 200 huhesabiwa mmoja, na wa nusu mita huhesabiwa mmoja vilevile. Basi nusu ya muda wa mazoezi itumike karibu na shimo.

Tatu, ardhi. Mbeba fimbo huusoma uwanja kwa miguu yake. Kabla ya kusukuma mpira, tazama mteremko ukiwa nyuma ya mpira, kisha upande wa pili wa shimo. Asubuhi za Mufindi, nyasi zikiwa na umande, mpira huenda polepole, mchana hukimbia.

Nne, hewa yetu. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Mpira unaokwenda mita 140 pwani, hapa unaweza kufika karibu 150. Mgeni kutoka Dar es Salaam asiyelijua hilo ataupitisha mpira wake shimo mpaka kwenye michai.

Tano, moyo. Ukikosea, hesabu kosa lako na uendelee na mkwaju unaofuata. Sisi tunakasirika kwa mpira ulioingia mchangani. Papwa alinyeshewa mvua mlangoni pa watu aliowashinda, na miaka miwili baadaye akarudi akawashinda tena.

Vijana, mwaka 1976 nchi yetu ilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na makaburu. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, akaikosa nafasi yake. Hasara ile ilikuwa kubwa, nayo ilibebwa kwa ajili ya watu kama Papwa. Kwa hiyo leo mkiingia uwanjani, wa gofu au wa kandanda, bila mtu kuwauliza rangi yenu, jueni kwamba mlango huo haukufunguka wenyewe.