Iqbal Masih: mtoto aliyewekwa rehani kwa rupia 600

Muridke ni mji ulio karibu na Lahore, katika jimbo la Punjab nchini Pakistan. Huko ndiko alikozaliwa Iqbal Masih mwaka 1983, katika familia ya Wakristo maskini. Alipofika miaka minne, kaka yake mkubwa alikuwa anaoa na fedha za harusi hazikuwepo. Familia ikamwendea mwenye karakana ya mazulia, ikachukua mkopo wa rupia 600, na Iqbal akawekwa rehani. Angefuma mazulia mpaka deni liishe.

Mkopo wa namna hiyo huko huitwa peshgi, yaani malipo ya kutangulizwa. Anayefanya biashara ya kuvuka mpaka anajua mkopo wa kawaida unavyokwenda: unachukua, unazungusha, unarudisha pamoja na faida ya mwenye fedha. Peshgi haikutengenezwa ili irudi. Siku za kujifunza kazi hazikuwa na malipo. Chakula kiliandikwa kwenye deni. Fundo likikosewa ni faini, na faini nayo ikaandikwa. Familia ikibanwa, ilikopa tena kwa tajiri yuleyule. Daftari alilishika tajiri, na wazazi wengi hawakujua kusoma. Iqbal alipoanza kulipwa, ujira wake ulikuwa kama rupia moja kwa siku. Kwa siku sita za kazi kila wiki, rupia 600 zingekwisha kabla ya miaka miwili. Baada ya miaka sita, deni lilikuwa limefika rupia 13,000.

Matajiri wa mazulia walipenda watoto kwa sababu vidole vyao vidogo hufunga upesi mafundo madogo ya uzi, na kwa sababu mtoto hagombi mshahara. Walikaa wamejikunja mbele ya mtambo zaidi ya saa 12 kwa siku, wakivuta vumbi la sufu, na wengine walifungwa minyororo wasikimbie. Alipokuwa na miaka 12, Iqbal hakuwa amefikisha urefu wa futi nne.

Aliwahi kutoroka akaenda kushitaki polisi. Polisi wakamrudisha kwa tajiri wake.

Mwaka 1992 Pakistan ilipitisha sheria ya kufuta utumikishwaji wa madeni, na madeni ya aina hiyo yakafutwa pamoja nao. Sheria ilikuwepo kwenye karatasi. Karakana ziliendelea kama jana. Aliyezunguka kuwaeleza watu kwamba hawadaiwi kitu tena ni Ehsan Ullah Khan na chama chake cha BLLF, kilichoanza kwa kutetea wafyatuaji wa matofali. Iqbal, akiwa na miaka kama 10, alifika kwenye mkutano wao, akasikia, akaelewa. Kwa msaada wa chama hicho akatoka kwa tajiri, na hakurudi.

Chama kilimpeleka shule Lahore. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa miwili. Alitaka kuwa mwanasheria. Wakati huohuo alikuwa akisimama kwenye mikutano kuwaeleza watoto wengine jambo lile lile aliloelezwa yeye, na vitisho vikaanza kuja.

Desemba 1994 alisafiri hadi Boston, Marekani, kupokea tuzo ya haki za binadamu ya Reebok, kampuni ya viatu na vifaa vya michezo. Alitembelea pia shule ya Broad Meadows mjini Quincy, akazungumza na wanafunzi wa rika lake. Aliwaonyesha kifaa cha kufumia. Ujumbe wake huko ughaibuni ulikuwa mmoja: wanaonunua mazulia waulize yamefumwa na nani.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1995, alikuwa Muridke kwa ndugu zake. Jioni, wakiwa watatu kwenye baiskeli moja, alipigwa risasi akafa. BLLF iliwanyooshea kidole wenye viwanda vya mazulia. Tume ya Haki za Binadamu ya Pakistan ilichunguza na haikupata ushahidi wa hilo. Ubishi haujaisha hadi leo. Serikali nayo iliwageukia watetezi wake, ikawatuhumu kuharibu biashara ya nje ya nchi, na Ehsan Ullah Khan akabaki uhamishoni Ulaya. Wanafunzi wa Quincy walichangisha fedha, wakianza na mchango wa dola 12 kwa kila mtu, shule ikajengwa Pakistan kwa jina lake.

Iqbal hakuwahi kushona mpira. Lakini mwaka mmoja baada ya kifo chake, swali lake lilihamia Sialkot, mji wa Punjab hiyohiyo uliokuwa ukitoa mipira mingi kuliko mwingine wowote ya kushonwa kwa mkono. Mpira mmoja una vipande 32, na vilishonwa majumbani, familia nzima ikiwa chini sakafuni. Juni 1996 gazeti la Life la Marekani lilichapisha picha ya mtoto wa Pakistan akishona mpira wa Nike. Wanunuzi wakashituka. Februari 1997, wafanyabiashara wa Sialkot, Shirika la Kazi Duniani na UNICEF walitia saini mkataba mjini Atlanta: ushonaji utoke majumbani uingie kwenye vituo vinavyokaguliwa, na watoto waende shule.

Gharama ilikuwepo. Wanawake wengi hawakuweza kuacha nyumba na wadogo wao kwenda kukaa kituoni kutwa, wakapoteza kipato, ndiyo maana baadaye vilifunguliwa vituo vya wanawake peke yao vijijini. Na ukaguzi haukuziba kila tundu. Mwaka 2006 Nike ilivunja mkataba na kiwanda kikubwa cha Sialkot, baada ya kubainika kwamba mipira yake ilikuwa imerudi kushonwa majumbani.