Habari za Maisha ya Bwana Shaaban Robert, Karani wa Serikali na Baba wa Watoto

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, katika vijitabu hivi tumezoea kueleza habari za maulamaa na watu wema waliotutangulia. Safari hii tumependa kumweleza mtu ambaye hakuwa kadhi wala mwalimu wa chuo. Alikuwa karani wa Serikali, akila mshahara wa mwezi kama walavyo wengi katika ninyi msomao karatasi hizi. Naye ni Bwana Shaaban Robert wa Tanga. Watu wanamjua kwa mashairi yake, na watoto wa skuli husoma vitabu vyake. Lakini ni wachache wanaofikiri jinsi alivyoutumikia mshahara ule, na jinsi alivyoitumikia nyumba yake. Hayo ndiyo tutakayo kuyataja hapa.

Alizaliwa tarehe 1 Januari mwaka wa 1909, katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Asili ya wazee wake ni Wayao, watu ambao sisi wa Mtwara na mto Ruvuma tunawajua vizuri, kwa kuwa ni jirani zetu na wakwe zetu. Lakini yeye alikua pwani, akasema Kiswahili, na dini yake ilikuwa Uislamu. Wako waulizao, je, Mwislamu huitwaje Robert? Jawabu ni kwamba hilo lilikuwa jina la baba yake, na mtu huitwa kwa baba yake. Bwana Shaaban hakuona haya kwalo wala hakulificha apate kusifiwa na watu. Mtu hupimwa kwa ibada na mwenendo wake, na majina mazuri bila ya vitendo ni kama kanzu nyeupe iliyovikwa mti.

Katika mwaka wa 1922 alipelekwa Dar es Salaam kusoma, akakaa huko hata mwaka wa 1926. Katika mtihani wa mwisho walikuwa watahiniwa kumi na mmoja, naye akatokea wa pili, akapewa hati ya kumaliza masomo. Mwaka ule ule akaingia kazi ya forodha, akaifanya katika Pangani na kwingineko mpaka mwaka wa 1944. Kisha akatumika miaka miwili katika idara iliyohusika na wanyama. Toka mwaka wa 1946 hata 1952 alikuwa katika ofisi ya Wilaya ya Tanga, na toka 1952 hata 1960 katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Ukijumlisha yote utapata miaka 34.

Basi tazama, ewe ndugu yangu. Katika miaka hiyo cheo cha mtu mweusi katika ofisi kilikuwa na mpaka, na wakubwa wote walikuwa Wazungu. Bwana Shaaban aliyajua hayo, wala hakuyafanya kuwa sababu ya uvivu au khiana. Wala hakuufunga ulimi wake kwa ajili ya mshahara. Katika mwaka wa 1951, naye bado yumo katika kazi ya Serikali, kilitoka kitabu chake Kusadikika, kisa cha nchi ambayo wenye amri wake hawapendi kuambiwa haki, na mtu mmoja anasimama mbele yao kuwaambia. Mwenye akili alifahamu.

Ama nyumba yake, Mwenyezi Mungu alimjaribu mapema. Mkewe wa kwanza, Bibi Amina, alifariki dunia, akamwachia watoto. Bwana Shaaban alimlilia mkewe kwa shairi lijulikanalo kwa jina lake, na wengi wamelihifadhi kwa moyo. Baadaye alioa tena, kama dini ilivyomruhusu. Lakini huzuni yake haikuishia katika shairi. Alijua kwamba haki ya maiti iliyo kubwa ni watoto aliowaacha, wasipotee baada yake.

Kwa hiyo akatunga tenzi mbili. Moja, Utenzi wa Hati, aliutunga kwa ajili ya binti yake. Ya pili, Utenzi wa Adili, aliutunga kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Humo aliwausia kumcha Mungu, kushika adabu, kuwaheshimu wazee, na kukaa na watu kwa wema. Katika mwambao wetu wasia wa namna hii una asili. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi kule Lamu mwaka wa 1858, hali ya kuwa mgonjwa akikaribia kufa. Na asili iliyo juu ya zote ni Luqman, ambaye Kurani Tukufu inatuhadithia wasia wake kwa mwanawe. Bwana Shaaban alifuata njia hiyo, naye akiwa mzima, hakungoja maradhi. Wala hakumbagua binti kwa mwana wa kiume. Kila mmoja alipewa fungu lake la elimu.

Kama alivyowatazama wanawe, ndivyo alivyowatazama watu wa mji na wa lugha yake. Alikuwa mjumbe katika baraza la mji wa Tanga, na katika Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Alipewa Nishani ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na Waingereza wakampa nishani ya M.B.E. Heshima hizo hazikumfanya tajiri. Baadhi ya vitabu vyake vilipigwa chapa mbali sana, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg, kwa kuwa wapiga chapa wa Kiswahili walikuwa wachache. Alipokaribia kuacha kazi hakutaka kukaa barazani akihesabu siku. Alianza kutoa vitabu kwa juhudi yake mwenyewe hapo Tanga, na Almasi za Afrika ni kimoja katika hivyo, kilichotoka mwaka wa 1960. Sisi tunaosukuma mashine hii kwa mkono twajua uzito wa kazi ile, na gharama za karatasi na wino.

Baada ya kuacha kazi hakuishi sana. Aliiona Tanganyika ikipata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka wa 1961, na katika mwezi wa Juni 1962 akafariki huko Tanga, umri wake miaka 53. Utenzi wake mrefu wa Vita vya Uhuru, unaoeleza vita vikuu vya pili, haukupigwa chapa ila mwaka wa 1967, naye amekwisha kuzikwa.

Sasa ninyi mliomo katika kazi, na ninyi mliokwisha kustaafu, hapa Rahaleo na Mikindani na Msimbati, yazingatieni haya. Mtume, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kwamba mtu akifa amali yake hukatika, ila kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema amwombeaye dua. Katika hayo hakuna mshahara wala cheo. Wengi huwaleta watoto wao chuoni, wakamkabidhi mwalimu, wakadhani wamekwisha faridhi yao. Mwalimu atamfundisha mtoto herufi na sura. Lakini wasia wa baba hautolewi na mwalimu. Si lazima uwe mshairi. Keti na mwanao baada ya sala ya magharibi umwambie uyajuayo, au uyaandike katika karatasi ayakute. Karani mmoja wa Tanga alifanya hivyo baada ya kazi ya mchana, na karatasi zake zinasomwa hata leo, na ofisi alizotumikia hapana anayezikumbuka.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na Bibi Amina na wazee wetu wote, na atupe sisi watoto watakaotuombea. Amin. Wabillahi taufiki.