George Rushby: Jangili wa tembo aliyependekeza Hifadhi ya Ruaha

Kabla ya kuwa mtu wa serikali, George Rushby alikuwa jangili. Tuanzie hapo, maana wengi wakisimulia habari zake hukimbilia kwenye simba wa Njombe.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1900, akaja Afrika akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Alizunguka nchi kadhaa akiishi kwa pembe za ndovu, mara kwa kibali, mara bila kibali. Baadaye akaoa na kulima kahawa Mbeya, akajaribu bahati kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya. Mwishoni mwa miaka ya 1930 akaingia Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika. Yaani jangili akawa askari wa kuwakamata majangili. Njia zao zote alishazipita.

Sasa simba. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1947, simba wala watu waliitesa Njombe. Rushby mwenyewe alikadiria waliouawa kuwa 1,500, hesabu inayobishaniwa mpaka leo. Wenyeji wengi waliamini ni simba wa kutumwa na jumbe mmoja aliyevuliwa cheo. Rushby hakukubali. Alifuata nyayo kijiji kwa kijiji, na kundi lile likamalizwa, simba 15 kwa jumla.

Lakini kwa nini simba waligeukia watu? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba serikali iliua wanyamapori wengi eneo lile ili kuzuia sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, usivuke kwenda kusini. Swala wakapungua, nyati wakapungua, simba wakabaki na njaa.

Mwaka 1949 alitoa pendekezo ambalo kwangu ni kubwa kuliko simba wote wale: sehemu ya kusini ya Pori la Akiba la Rungwa iwe hifadhi ya taifa. Utekelezaji ulichukua miaka 15. Ruaha ilitangazwa mwaka 1964, nchi ikiwa imeshapata uhuru. Rungwa ikaendelea kuwa ardhi ya uwindaji wa kitalii. Rushby alifariki mwishoni mwa miaka ya 1960.

Hifadhi hiyo, kama kilomita 130 kutoka Iringa mjini, uhai wake wa kiangazi ni Mto Ruaha Mkuu. Nyati lazima anywe kila siku. Swala pala hakai mbali na maji. Tandala anaweza kuvumilia kidogo, kiboko hawezi kabisa. Enzi za Rushby mto ulitiririka mwaka mzima.

Tangu mwaka 1993 unakatika karibu kila kiangazi. Yanabaki madimbwi, viboko wanabanana humo kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni, na maji yanageuka tope la kinyesi.

Tatizo liko juu ya mto. Maji yanashuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, yanaingia bonde la Usangu, Mbeya, na kutulia kwenye ardhioevu ya Ihefu kabla ya kwenda hifadhini. Njiani kuna mifereji ya mpunga, mikubwa kama ya Mbarali na Kapunga na midogo isiyo na idadi, pamoja na mifugo. Ule mchele wa Mbeya unaousifia mezani unatoka huko. Mkulima ana watoto wa kusomesha, kwa hiyo kumwita mhalifu ni rahisi mno.

Ihefu nayo ilikuwa ndani ya ardhi ya uwindaji, Pori la Akiba la Usangu. Miaka ya 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa kwa uchungu mkubwa, na mwaka 2008 pori likaunganishwa na Ruaha. Hifadhi ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mgogoro wa mipaka na wananchi wa Mbarali ulidumu miaka mingi baada ya hapo, na mto haujarudi kama zamani.

Wapo wanaouliza: si wachimbe visima na mabwawa tu? Kruger, Afrika Kusini, walifanya hivyo kwa wingi. Pundamilia wakajaa penye maji, simba wakawafuata, na swala mkubwa anayeitwa korongo akapungua vibaya. Visima vingi vikafungwa. Korongo huyo yupo Ruaha pia.

Kwa sasa wachimbaji wa visima wa Ruaha ni tembo, wale wale ambao Rushby aliwawinda kwa pembe zao. Kiangazi wanachimba mchanga wa Mto Mwagusi kwa miguu na mkonga mpaka maji yatokee, wanakunywa, wanaondoka. Nyani na swala wanasubiri pembeni zamu yao.