Daktari Chang na Sungura Weusi

Min Chueh Chang alizaliwa katika mwaka 1908 huko Shanxi, jimbo la China. Alisoma elimu ya tabia za wanyama katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, na katika mwaka 1938 alishinda mtihani wa serikali, akapelekwa ng'ambo. Alikaa Edinburgh mwaka mmoja, kisha akahamia Cambridge, akapata digrii ya udaktari katika mwaka 1941.

Mwaka 1945 alivuka bahari kwenda Shrewsbury, Marekani, ili ajifunze kwa Dr. Gregory Pincus namna ya kutungisha mayai ya sungura nje ya mwili. Alinuia kukaa mwaka mmoja tu, lakini alibaki huko mpaka kufa kwake. Kituo chao cha uchunguzi kilikuwa maskini. Chang alilala humo humo, na usiku akawa mlinzi.

Pincus alikuwa ametangaza tangu mwaka 1934 kwamba amefaulu, lakini wengi hawakusadiki. Mayai yakisharudishwa tumboni, nani aweza kuapa kwamba hayakukutana na mbegu mle mle?

Chang alijaribu, akashindwa, akajaribu tena. Mayai na mbegu alivitia katika chupa, akavipa joto kama la mwili, wala halikutokea jambo. Kwa maoni yangu miaka hiyo ndiyo iliyomtambulisha. Katika mwaka 1951 akavumbua sababu, na mwaka huo huo Austin wa Australia naye akaivumbua kwa njia yake. Mbegu itokapo kwa dume bado ni mbichi; sharti ikae katika mwili wa jike kwa muda wa saa sita hivi, ndipo iweze kupenya yai. Ndiyo maana maumbile yamepanga hivi: sungura jike hatoi mayai ila baada ya kupandwa, tena baada ya muda wa saa kumi hivi. Kumbe watu walikuwa wakilaumu maji ya chupa, na kilichokosekana ni wakati!

Basi mwaka 1959 Chang alitoa mbegu katika mji wa mimba wa jike aliyekwisha kupandwa, akazichanganya na mayai katika chupa ndogo yenye maji ya chumvi. Kisha mayai yaliyotungwa, 36 kwa hesabu, akayatia katika majike sita wengine. Wanne wakazaa watoto 15. Mayai ya sungura mweusi yalipotiwa katika jike mweupe, wakazaliwa watoto weusi, na ubishi ukaisha.

Ajabu ni kwamba mtu huyu huyu, pamoja na Pincus, ndiye aliyejaribia sungura dawa zilizoleta vidonge vya kuzuia mimba.

Mtoto wa kwanza wa binadamu kwa njia ya chupa, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Robert Edwards alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2010. Chang alikuwa amefariki tangu tarehe 5 Juni, 1991.