Mikhail Tsvet, mtu aliyepata njia ya kukamata kisichoonekana

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, wenye mizigo walibaki mpakani wakijiuliza sumu imeonekanaje wakati mahindi ni makavu na meupe. Siku chache baadaye mlango ulifunguliwa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa hesabu ya sokoni, katika gunia la kilo 90 kiasi hicho hakifiki hata miligramu moja.

Njia ya kukamata kitu kidogo namna hiyo na kukipima ilianzia kwa mtaalamu wa mimea ambaye hakuwahi kushughulika na mahindi wala sumu. Aliitwa Mikhail Tsvet, na adha ya cheti kukataliwa ng'ambo ya mpaka aliijua.

Alizaliwa mwaka 1872 mjini Asti, Italia, baba Mrusi na mama Mwitaliano. Mama alifariki mapema, mtoto akalelewa Uswisi. Mwaka 1896 alipata udaktari wa sayansi Geneva, akafunga safari kwenda Urusi, nchi ya baba yake. Alipofika akaambiwa shahada yake haihesabiki huko. Ikabidi aanze upya: uzamili mjini Kazan mwaka 1901, kisha udaktari wa pili Warsaw mwaka 1910. Miaka 14 ikaenda kutafuta karatasi aliyokwisha kuwa nayo. Waliowahi kupimiwa mzigo upande huu na kuambiwa wapime tena upande wa pili watamwonea huruma.

Warsaw, wakati huo ikiwa chini ya Urusi, ndiko alikofanya kazi iliyomjengea jina. Alikuwa akichunguza rangi za majani. Ukiponda jani na kuliloweka katika etha ya petroli, rangi ya manjano, karotini, hutoka bila shida, lakini kijani hubaki ndani. Ongeza spiriti kidogo tu, rangi zote zinatoka. Cha ajabu, kijani hicho kikishatoka huyeyuka vizuri katika etha ileile iliyoshindwa kukitoa. Tsvet akaona kwamba tatizo si kuyeyuka. Kijani kilikuwa kimeng'ang'ania nyuzi za jani, na spiriti ndiyo iliyokibandua.

Hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi. Kama kila kitu kinang'ang'ania kwa nguvu yake, basi nguvu hiyo inaweza kuvitenganisha. Alishindilia unga wa chaki katika mrija mwembamba wa kioo, akamimina maji ya majani juu, kisha akaendelea kupitisha kimiminika safi. Rangi zikaanza kuachana njiani. Zinazoshika sana zikabaki juu, zisizoshika zikateremka, zikapangana kama pete za manjano na kijani. Kijani kilichodhaniwa na wengi kuwa kimoja kikawa viwili. Alisukuma nje ule mche wa chaki, akaukata kwa kisu pete baada ya pete, akaitoa kila rangi kwa spiriti na kuichunguza peke yake.

Aliieleza njia hiyo Warsaw mwaka 1903, na mwaka 1906 akaichapisha kwa Kijerumani akiipa jina kromatografia, maandishi ya rangi kwa Kigiriki. Kwa Kirusi, Tsvet maana yake ni rangi. Msomaji ataamua mwenyewe kama hiyo ni bahati tu.

Mabingwa wa kemia hawakumpokea. Leon Marchlewski alimshambulia waziwazi, naye Richard Willstätter, aliyepewa Nobel mwaka 1915 kwa utafiti wa rangi za mimea, aliitilia shaka njia yake. Kwa macho yao, mtu wa mimea alikuwa ameingia shamba lisilo lake.

Vita ikamfukuza Warsaw mwaka 1915. Alihangaika Moscow na Nizhny Novgorod, akapata uprofesa Tartu mwaka 1917, Wajerumani wakauteka mji huo, akahama tena hadi Voronezh. Huko alifariki Juni 1919, akiwa na umri wa miaka 47.

Mwaka 1931, mjini Heidelberg, Richard Kuhn na Edgar Lederer waliufufua mrija wake na kuthibitisha kwamba karotini yenyewe si ya aina moja. Tangu hapo njia hiyo haijalala. Leo mahindi yako husagwa, hulowekwa katika methanoli na maji, huchujwa, na maji yake husukumwa na mashine katika mrija uliojazwa unga laini kuliko chaki ya Tsvet. Sumukuvu huachana na vingine humo ndani, ikatoka kwa dakika yake, ikamulikwa kwa mwanga na kung'aa. Mpimaji husoma ung'avu huo kupata namba inayoandikwa kwenye cheti.