Stanley: bunduki ya Winchester haikushinda njaa ya Ituri

Huku Beni na Butembo, watoto wanasikia jina la Stanley tangu masomo ya msingi. Ni yule Mzungu aliyemutafuta Livingstone, yule ambaye wazee wa Bas-Congo walimuita Bula Matari, mvunja mawe. Wengi wanamukumbuka kama mtu wa nguvu sababu ya bunduki zake. Lakini safari yake kubwa ya mwisho katika Afrika, ile iliyopita hata chini ya Rwenzori yetu, inaonyesha mahali nguvu ile ilipoishia.

Alizaliwa tarehe 28 januari 1841 huko Denbigh, nchi ya Wales, kwa jina la John Rowlands. Alilelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Mwaka 1859 alifika New Orleans, Marekani, na huko akachukua jina la Stanley. Alipigana katika vita vya Wamarekani, kwanza upande wa Kusini, kisha upande wa Kaskazini. Baadaye akawa mwandishi wa gazeti la New York Herald, na gazeti hilo njo lilimutuma kumutafuta Livingstone. Alimukuta Ujiji mwaka 1871.

Katika safari hiyo alibeba bunduki ya Winchester ya kupiga mara kumi na sita bila kujaza tena. Alipewa zawadi na Edward Joy Morris, aliyekuwa balozi wa Marekani kule Uturuki. Wakati ule ilikuwa kitu cha ajabu. Chini yake kuna mkono wa chuma. Ukiushusha, ganda tupu linaruka inje. Ukiupandisha, kartushi mpya inaingia. Masasi yanapangwa moja nyuma ya ingine katika bomba lililo chini ya mtutu. Ndiyo maana, kwa kartushi zenye fataki katikati, ncha haikuchongwa kali: ncha kali ingeweza kugonga fataki ya kartushi iliyo mbele na kuilipua ndani ya bomba.

Watu wa misafara walikuwa na bunduki za namna ingine: gobori, ya kujazwa kwa mdomo wa mtutu. Mwenye gobori aliweza kujitengenezea masasi. Aliyeyusha risasi, ile madini laini yenye kuyeyuka hata juu ya moto wa makaa, akaimimina ndani ya kalibu, akangoja ipoe, akakata mkia wake kwa kisu. Akikosa kabisa, alitia vipande vya chuma. Kwa Winchester, mambo si hivyo. Kartushi ni vitu vine pamoja: ganda, fataki, baruti na risasi. Ikizidi urefu kidogo tu, inakwama ndani ya mtambo. Na zile Winchester za kwanza zilikuwa na fataki iliyofichwa ndani ya ukingo wa ganda. Ukishapiga, ganda limekufa, huwezi kulijaza tena. Baadaye kiwanda kilitoa kartushi zenye fataki katikati, na wawindaji wa Marekani waliuziwa kalibu na koleo za kujaza maganda nyumbani. Lakini katika pori la Kongo, Stanley alitegemea masanduku yaliyotoka Ulaya na Misri.

Masanduku hayo yalikuwa mengi sana mwaka 1887. Stanley alitumwa kumuokoa Emin Pasha, liwali wa Ekwatoria, aliyezingirwa kaskazini ya ziwa Albert. Alichukua bunduki 510 za Remington na kartushi zaidi ya 100,000 za bunduki hizo, Winchester 50 na kartushi 50,000, tani mbili za baruti, fataki 350,000, na mtambo mmoja wa Maxim. Vyote vilipaswa kubebwa kichwani na watu, wengi wao Waswahili wa Zanzibar, karibu kilo 30 kwa kila mmoja.

Tarehe 28 juni 1887 alitoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, pamoja na watu 389, akaingia pori la Ituri. Mule chakula kilikosekana. Sababu haikuwa pori peke yake. Wamanyema waliotafuta pembe za ndovu walikuwa wameshachoma vijiji, na wenye mashamba walikimbia. Bunduki ya kupiga mara nyingi haina faida pale ambapo hakuna nyama ya kupiga. Wapagazi walikufa njiani huku wamebeba masanduku ya masasi ambayo hayaliwi. Wagonjwa zaidi ya 50 waliachwa pamoja na kapiteni Nelson kwenye kambi ya njaa. Walipokuja kuchukuliwa, wachache tu walikuwa wangali pale.

Huko Ipoto, kituo cha Wamanyema, wenye njaa walianza kuuza bunduki na kartushi ili wapate mahindi. Stanley aliona ni wizi, akaamuru mmoja wao anyongwe. Lakini tuangalie upande wa yule mpagazi: mtu amebeba mali ya mwengine miezi mingi, tumbo tupu, na soko moja tu lililo mbele yake linapokea masasi. Desemba 1887 walipotoka kwenye mwanga wa majani, wale waliokuwa pamoja na Stanley hawakufika 200.

Nyuma, kundi lililobaki Yambuya liliharibika. Tippu Tip aliahidi wapagazi 600, na Stanley aliahidi baruti na fataki za gobori zao. Tippu Tip alisema hakupewa, na wapagazi wakachelewa mwaka muzima. Meja Barttelot aliuawa kwa risasi Banalya, julai 1888. Kumbe hata mwenye kujitengenezea masasi alifungwa na baruti ya mbali.

Stanley alikutana na Emin aprili 1888, akamukabizi masanduku 31 ya kartushi za Remington. Agosti ileile, askari wa Emin wenyewe waliasi na kumufunga.

Mwaka 1889 wote waliondoka ziwani. Mei walivuka Semliki, wakapita miguu ya magharibi ya Rwenzori, sehemu ambazo leo ni wilaya ya Beni, mpaka ziwa Edward na chumvi ya Katwe. Hapa walivuka salama, sababu mashamba ya watu wa milima yalikuwa na ndizi. Desemba walifika Bagamoyo.

Stanley alikufa London tarehe 10 mei 1904. Tayari alikuwa amemujengea mfalme Leopold njia na vituo, na raia wa Kongo walilipa kwa mpira na damu. Stanleyville sasa ni Kisangani, na mlima uliopewa jina lake tunauita Ngaliema. Katika vitabu, hesabu ya masanduku yake imeandikwa vizuri. Ila majina ya wengi walioyabeba hadi kufa katika Ituri hayakuandikwa.